Dakika kumi za Dokta Sheppard: kwa nini wasomaji wa kitabu kimoja cha upelelezi hawaelewani

Tuanze na onyo: makala haya yanamtaja muuaji, tena mapema. Kama hujaisoma riwaya ya Agatha Christie iitwayo The Murder of Roger Ackroyd, na unataka kuisoma ukiwa hujui kitu, ishia hapa. Kaisome, kisha urudi. Ugomvi wa wasomaji hauelezeki bila kumtaja muuaji, kwa sababu umeanzia kwake.

Riwaya hiyo ilitoka kitabuni mwaka 1926, baada ya gazeti la Evening News la London kuichapa kwa mfululizo mwaka 1925 chini ya jina Who Killed Ackroyd? Mwaka 2013 waandishi wa riwaya za uhalifu wa Uingereza, kupitia chama chao cha Crime Writers' Association, waliipigia kura kuwa riwaya bora ya uhalifu kuliko zote. Lakini wapo wasomaji, na si wavivu wa kusoma, wanaofika ukurasa wa mwisho wakajiona wameingizwa mkenge. Huyu anasema ni ufundi usio na kifani, yule anasema ni kiini macho. Wa tatu alichoka katikati ya kitabu. Wa nne hana habari na muuaji, anampenda dada wa muuaji tu.

Ukiwasikiliza juu juu utadhani wanabishania jambo moja. Ukweli ni kwamba kila mmoja anadai deni lake. Msomaji wa hadithi za upelelezi huingia kitabuni na mkataba kichwani, mkataba ambao hakuwahi kuuandika wala kuusema, na Christie aliuvunja mmoja, akautimiza mwingine barabara, na mingine hakujishughulisha nayo. Ndiyo maana majibu hayakutani: anayelalamika kwamba kadanganywa anajibiwa kwamba kitabu kinasisimua, na anayesema kinachosha anajibiwa kwamba vidokezo vyote vimo.

Kwanza kisa, kwa ufupi. Tuko kijiji cha King's Abbot, Uingereza. Mjane tajiri, Mrs Ferrars, anakufa kwa kuzidisha veronal, dawa ya usingizi. Roger Ackroyd, tajiri aliyekuwa na nia ya kumwoa, anamwita daktari wa kijiji, James Sheppard, kwa chakula cha usiku na kumweleza siri: yule mjane alikiri kwake kwamba alimuua mumewe kwa sumu, na kwamba kuna mtu aliyelijua hilo akawa anamkamua fedha kwa vitisho. Jina la mtu huyo hakulitaja. Wakiwa wawili tu chumbani, inaletwa barua ya marehemu. Ackroyd anasoma mwanzo wake kwa sauti, kisha anakataa kuendelea mbele ya mtu. Daktari anaondoka. Baadaye usiku simu inalia nyumbani kwake. Anarudi mbio na gari, mlango wa chumba unavunjwa, na Ackroyd anakutwa kitini, jambia la Tunisia limedidimia mgongoni chini kidogo ya kola. Barua haionekani.

Jirani mpya wa daktari, mzee wa Kibelgiji aliyestaafu ili alime mamumunye, ni Hercule Poirot, mpelelezi mashuhuri wa vitabu vya Christie. Daktari anafuatana naye kila mahali na ndiye anayetusimulia kisa chote kwa nafsi ya kwanza. Na ndiye aliyeua. Ndiye pia aliyekuwa akimkamua yule mjane.

Je, Sheppard aliwaongopea wasomaji?

Hili ndilo shitaka kubwa, na watu hulifanya suala la hisia wakati linapimika kwa kalamu na karatasi. Fungua sura ya nne, mwishoni, pale daktari anapoagana na chumba.

Anaandika kwamba barua ililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Kisha anaandika kwamba ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi alipomwacha Ackroyd, barua ikiwa bado haijasomwa. Halafu anaeleza alivyosita mkono ukiwa kwenye kitasa, akatazama nyuma, akajiuliza kama kuna jambo ambalo hakulikamilisha.

Pima neno kwa neno. Barua ililetwa saa hiyo: kweli. Alimwacha saa hiyo: kweli. Alitazama nyuma akiwaza kama amesahau kitu: kweli kabisa, maana mtu aliyetoka kuua ana mengi ya kukagua. Kilichorukwa ni dakika kumi baina ya sentensi ya kwanza na ya pili, na Ackroyd alikufa ndani ya dakika hizo. Katika sura ya mwisho, ya 27, Sheppard anazirudia sentensi hizohizo na kujipongeza. Anauliza: angeweka mstari wa nyota baada ya ile ya kwanza, je, kuna ambaye angejiuliza kilitokea nini katika nafasi ile tupu?

Hapa wengi huchanganya mambo, kwa sababu kisa kina vipindi viwili vya dakika kumi, na siyo kimoja. Cha kwanza ni hicho cha chumbani. Cha pili kiko nje: daktari alitoka nyumbani kwa Ackroyd saa tatu kasoro dakika kumi, na kengele ya kanisa ikagonga saa tatu alipofika kwenye lango la nje. Mwendo huo ni wa dakika tano. Dakika hizo kumi alizitumia kukimbilia kibanda cha bustanini, kuvaa viatu vya Ralph Paton, mtoto wa kambo wa Ackroyd, kuacha nyayo kwenye dirisha, kuingia kwa dirisha hilo, kuufunga mlango kwa ndani, kutoka tena, kuvaa viatu vyake na kukimbilia langoni. Kipindi cha kwanza kimezibwa kwa ufundi wa sentensi. Cha pili hakikuzibwa: saa ya kutoka imeandikwa, saa ya kufika imeandikwa, na msomaji aliachiwa kutoa hesabu ya darasa la pili. Anayesema hakupewa kidokezo chochote hajaitazama saa ya kanisa.

Uongo upo pia, lakini uko mahali pengine. Simu inapolia saa nne na robo, daktari anamwambia dada yake Caroline kwamba aliyepiga ni Parker, mtumishi mkuu wa Ackroyd, kueleza kwamba bwana wake ameuawa. Parker hakupiga simu yoyote. Lakini hayo ni maneno ya mhusika ndani ya alama za usemi, na hakuna mhalifu katika riwaya yoyote asiyewaongopea watu wa nyumbani kwake. Mpaka uko hapo: simulizi ya Sheppard huruka, mdomo wake huongopa. Kusema kwamba alimdanganya msomaji si sahihi. Alimdanganya Caroline, msomaji akiwa amesimama pembeni anasikia.

Je, kuruka si kudanganya? Ndipo sheria zinapotajwa, na ndipo zinapotajwa vibaya. Mwaka 1928 Mmarekani S. S. Van Dine alitoa kanuni ishirini za hadithi ya upelelezi. Mojawapo inamkataza mwandishi kumfanyia msomaji hila yoyote zaidi ya zile ambazo mhalifu anamfanyia mpelelezi. Mwaka uliofuata Ronald Knox, padri wa Kikatoliki wa Uingereza na mwandishi wa riwaya hizohizo, alitoa amri zake kumi. Ya kwanza inasema mhalifu atajwe mapema, lakini asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kufuata mawazo yake. Ya tisa inasema rafiki mjinga wa mpelelezi asifiche wazo lolote linalompitia. Wanaoishitaki riwaya hii kwa kuvunja amri za Knox wanasahau kalenda. Kitabu ni cha 1926, na amri zilikuja baadaye, nyingine zikiwa zinamtupia jicho Christie. Knox mwenyewe aliifafanua amri yake ya kwanza akimtaja: alikiri kwamba ilikuwa vigumu kuisema sawasawa kwa sababu ya mambo ambayo bibi huyo alikuwa ameyafanya, na kwamba kosa hasa ni mwandishi kumwonyesha mhalifu kana kwamba naye anashangaa.

Hilo la mwisho ndilo lalamiko lenye miguu. Kwa maneno Sheppard ni msafi. Kwa hali ya moyo anayojipa mbele yetu, ile sauti ya daktari mpole asiyeelewa mambo yanaendaje, anasogea mpaka ukingoni, na msomaji anayemhukumu hapo anastahili kusikilizwa kuliko yule anayepiga kelele juu ya dakika kumi.

Kiti cha Hastings

Kwa nini basi karibu kila msomaji anaanguka, hata anayejua kuhesabu? Sababu haiko kwenye sentensi ile maarufu. Iko kwenye kiti.

Tangu Edgar Allan Poe alipomwandika mpelelezi wake Dupin mwaka 1841, anayesimulia ni rafiki wa mpelelezi. Tangu 1887, Sherlock Holmes alipoingia na Dokta Watson, desturi hiyo imekuwa samani ya nyumba: rafiki ni mwaminifu, ni mwepesi wa kushangaa, si mwerevu sana, na mara nyingi ni daktari. Christie mwenyewe aliifuata katika riwaya yake ya kwanza ya Poirot, ya mwaka 1920, ambapo msimulizi ni Kapteni Hastings. Katika Ackroyd, Hastings yuko Argentina. Poirot anasema wazi kwamba anamkosa, na anamketisha daktari mahali pake. Msomaji hakuulizwa kama anakubali. Alikiona kiti, akaona mtu amekikalia, akampa imani yote iliyokuwa ya kiti.

Hiyo ndiyo hila, na ukiiona hivyo utaelewa kwa nini wasomaji wageni wa aina hii ya riwaya hawaumii kama wakongwe. Aliyesoma Holmes kumi ameweka akiba kubwa ya imani. Anapoibiwa anaibiwa nyingi. Anayeanza na kitabu hiki hushangaa kidogo, hukipenda, kisha hushindwa kuelewa kelele za nini. Dorothy L. Sayers, mwandishi mwenzake Christie, alimtetea kwa hoja fupi: kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Hoja ni nzuri, ila inamtaka msomaji amshuku hata mtu anayemsomea hadithi, na hilo halikuwa limemwingia mtu akilini. Wazo lenyewe Christie hakulidai kuwa lake peke yake. Katika tawasifu yake anawataja shemeji yake James Watts, aliyesema kwamba siku moja Watson ndiye awe mhalifu, na Lord Louis Mountbatten, aliyemwandikia barua kupendekeza jambo kama hilo.

Msomaji wa Kiswahili analo jambo la kuongeza hapa ambalo Waingereza hawanalo. Hadithi zetu za jioni hufunguliwa kwa kibali cha wazi. Msimulizi anaita: Hadithi, hadithi! Wasikilizaji wanaitikia: Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo umealikwa kwa jina kabla neno la kwanza la kisa halijatoka. Kwa mkataba huo Sheppard hana kosa lolote, tulimwita wenyewe. Ila tukumbuke kwamba msimulizi wa jioni hayumo ndani ya kisa. Hakuna bibi aliyesimulia habari za Sungura na Fisi halafu mwishoni ikaonekana kwamba Fisi ni yeye.

Sentensi ile kwa Kiswahili

Hebu jaribu kuitafsiri ile sehemu ya sura ya nne, maana ni njia bora kuliko zote ya kuona ilivyojengwa, na jinsi inavyobomoka.

Kosa la kwanza ambalo mfasiri anaweza kulifanya ni kitenzi. Ukiandika "nilipoachana naye" umeharibu, kwa sababu kuachana kunataka watu wawili, kila mmoja amwache mwenzake, na maiti haimwachi mtu. Sentensi iliyokuwa kweli imegeuka uongo. "Nilipoagana naye" ni mbaya zaidi. Andika "nilipomwacha". Mtu humwacha mwenziwe mzima, humwacha mgonjwa, humwacha amekufa. Kitenzi hakimsaliti mwandishi wala hakimwongopei msomaji.

La pili ni -ka-. Masimulizi yetu hupenda kuunganisha matendo kwa kiambishi hiki: barua ikaletwa, nikamwacha, nikasita, nikatazama nyuma. Kinasomeka vizuri, na hapo ndipo ubaya ulipo. -Ka- humwambia msikilizaji kwamba hili lilifuata lile katika mfululizo mmoja. Anayeruka mauaji kati ya "ikaletwa" na "nikamwacha" amekikunja kiambishi kibebe kisichobebeka. Ukitaka uaminifu wa Sheppard, tumia -li- kwa sentensi zote mbili, kila moja isimame peke yake na saa yake: Barua ililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi nilipomwacha, barua ikiwa bado haijasomwa. Nafasi kati ya nukta na herufi kubwa inatosha kumzika mtu.

Na saa lazima zibadilishwe kwa hesabu yetu, zote, bila kuacha hata moja. Ukiacha "8:50" mahali pamoja na kuandika "saa tatu kamili" penginepo, msomaji hawezi kufanya ile hesabu ya langoni, na kidokezo cha haki kinageuka kosa la chapa.

Kwa upande mwingine Kiswahili kina faida ambayo Christie hakuwa nayo: yeye, wake, huyu, aliyeua, havisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Mazungumzo ya kijijini juu ya nani alikuwa akimkamua mjane yanaweza kuendelea kurasa nyingi bila mwandishi kulazimika kuchagua.

Wanaochoka katikati

Lalamiko la kasi halina uhusiano wowote na lile la udanganyifu, ingawa mara nyingi husemwa na mtu yuleyule kwa pumzi moja. Baada ya maiti kupatikana, kitabu kinageuka mfululizo wa mahojiano: Flora, mpwa wa Ackroyd, mama yake mwenye madeni, Meja Blunt, katibu Raymond, mtunza nyumba, Parker. Kila mmoja ana siri ndogo, na siri ndogo hizo ndizo zinazompoteza msomaji maboya. Siri inafichuliwa, inaonekana haihusiani na mauaji, tunahamia kwa anayefuata. Hakuna anayefukuzwa, hakuna risasi, na maiti mpya haitokei mpaka mwisho.

Msomaji aliyekulia kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi ambaye kila sura ina ndege, hoteli na bastola, ataona kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Jalada limesema upelelezi, yeye amepata wazee wakinywa chai. Lakini aliyemzoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, yuko nyumbani. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, ni cha ukoo wa Holmes na Poirot: raha ni kuwaza, kusikiliza porojo, kutenganisha lililosemwa na lililotokea. Tunaziita zote mbili riwaya za upelelezi, na neno hilo moja limesababisha manung'uniko mengi yasiyo ya lazima. Moja huuliza itakuwaje. Nyingine huuliza ilikuwaje. Ukiwa unasubiri swali la kwanza, la pili litakulaza usingizi.

Hata hivyo katikati ya kitabu hiki kuna sura ambayo wanaochoka huiruka, nayo ni bora kuliko nyingi: sura ya 16, jioni ya mchezo wa mah-jong nyumbani kwa daktari. Watu wanne mezani, vigae vinagongana, umbeya unapita pamoja na chai. Daktari anapata mkono wa ushindi ambao mchezaji huota kuupata, furaha inampanda, na anaropoka habari ya pete ya ndoa iliyopatikana kwenye kidimbwi, ambayo alipaswa kuificha. Ni mara moja tu kitabu kizima tunamwona akipoteza uangalifu. Mtu aliyefaulu kuficha mauaji anashindwa kuficha pete kwa sababu ya bahati ya vigae. Aliyeiita sura hiyo maji ya kujazia kibaba ameikosa tabia ya muuaji ikiwa imewekwa mezani.

Caroline naye yuko hapo. Dada wa daktari hahitaji kutoka nyumbani, anajua habari kabla hazijatokea. Wauza maziwa na watumishi ndio redio yake. Christie aliandika baadaye kwamba huenda Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa vitabu vyake vingine, alizaliwa kutokana na raha aliyoipata kumwandika Caroline. Wasomaji wanaosema wahusika wa Christie ni vikaragosi wana haki kwa Meja Blunt na Flora. Kwa Caroline hawana.

Simu, diktafoni na kiti kilichosogezwa

Shitaka la tatu ni kwamba hila ya daktari haiwezekani. Hapa lazima tuende polepole, maana baadhi ya maswali yana majibu mazuri na mengine hayana.

Swali la kawaida: muuaji gani anajitafutia simu ya kumrudisha mahali pa mauaji? Jibu ni kwamba alihitaji kurudi. Saa tatu na nusu usiku, daktari akiwa mbali, katibu Raymond aliisikia sauti ya Ackroyd nyuma ya mlango, na kila mtu akaamini kwamba wakati huo alikuwa hai. Ilikuwa diktafoni, mashine ya kunasa sauti, ambayo daktari, fundi wa vidude, aliifungia mtambo wa saa ili ijiwashe. Ushahidi huo wa sauti ndio uliomwokoa, na huohuo ndio ungemnyonga kama mashine ingekutwa mezani. Ilimlazimu awe wa kwanza chumbani, na mkoba wake wa daktari mkononi, ambao hakuna anayeuuliza. Akamtuma Parker akapige simu polisi, akabaki peke yake na maiti, na anatuandikia kwamba alifanya yale machache yaliyokuwa ya kufanywa. Hiyo ni sentensi nyingine ya kweli tupu. Kiti kikubwa kilichovutwa kutoka ukutani, ambacho Poirot anakiuliza mpaka watu wanachoka naye, kilikuwa kimeikinga mashine isionekane na anayeingia mlangoni.

Simu yenyewe ilipigwa na mgonjwa wake, mhudumu wa melini, aliyeombwa apige kutoka stesheni ya King's Abbot kabla ya kupanda treni ya usiku ya kwenda Liverpool. Hapo ndipo panapovuja. Mpango mzima unamtegemea mtu mmoja asiyejua analofanya, anayeweza kusahau, kuchelewa treni, au kuulizwa na polisi kesho yake. Na kuna la muda: daktari alipaswa kuwa na mashine tayari kabla hajajua kwa hakika mjane alisema nini kwa Ackroyd. Sheppard anajitetea kwamba alikuwa ameshaogopa mapema. Unaweza kukubali. Ukikataa hujakosea, kwani riwaya hapa inakuomba mkopo.

Mfaransa mmoja alikataa kutoa mkopo huo. Mwaka 1998 Pierre Bayard, mwanazuoni wa fasihi, alitoa kitabu kizima cha kupinga hukumu ya Poirot: kwake, Sheppard hakuua, aliyeua ni Caroline, na daktari anakubali lawama ili kumkinga dada yake. Watu huicheka nadharia hiyo kabla ya kuona imejengwa juu ya nini. Swali lake ni zito: kama tumekwisha kukubali kwamba msimulizi huyu huficha kwa kunyamaza, kwa nini tumwamini ghafla sura ya mwisho, eti kwa sababu sasa anasema "nilifanya mimi"? Mlango uliofunguliwa na Christie haufungiki kwa amri. Hata hivyo Caroline kama muuaji haendani na kiti, mashine wala viatu, na kumfanya aue kunahitaji kubuni mengi ambayo kitabu hakina. Bayard ameshinda nusu ya kwanza ya hoja yake tu.

Mwingine anayetajwa mno ni Edmund Wilson, mhakiki wa Marekani, aliyeandika katika The New Yorker la Januari 1945 makala yenye kichwa kinachouliza nani anajali aliyemuua Roger Ackroyd. Wanaomnukuu kama adui wa riwaya hii wamesoma kichwa cha makala tu. Jina la Ackroyd alilitumia kama nembo; ugomvi wake ulikuwa na riwaya za upelelezi zote kwa jumla, na alikuwa anawajibu wasomaji waliomwandikia kwa hasira baada ya makala yake ya kwanza ya mwaka 1944. Yeye hakuwa na mkataba wowote na aina hii ya vitabu, kwa hiyo hakuna wa kumdai.

Kuisoma mara ya pili, na kuisema bila kuiharibu

Anayetaka kujua yuko upande gani asitegemee kumbukumbu ya hasira au ya furaha. Arudi na penseli. Asome sura ya nne na ya tano polepole, apige mstari chini ya kila saa iliyotajwa, aweke nyota pale anapodhani muda umerukwa. Kisha asome sura ya 23, pale daktari anapompa Poirot sura ishirini alizokwisha kuandika, akijidai kidogo kwamba amekuwa Hastings mpya. Poirot anasoma na kumsifu: maelezo ni sahihi, ila mwandishi amejificha mno. Huyo ndiye msomaji wa kwanza wa Sheppard, naye alikuwa na kurasa zilezile tulizonazo sisi. Wengi wetu tuliichukulia sifa hiyo kama utani juu ya unyenyekevu wa daktari, na tukafungua ukurasa unaofuata.

Waliokutana na kisa hiki kwenye televisheni waweke hukumu yao kando. Filamu ya mwaka 2000 ambayo David Suchet anaigiza kama Poirot ilimtumia mpelelezi akisoma shajara ya muuaji, bila daktari kuwa sauti inayotuongoza tangu mwanzo. Kamera haina namna ya kusema "mimi" kwa njia ile, kwa hiyo anayesema alimgundua muuaji mapema kwenye filamu hajajibu swali la kitabu.

Na ukimsimulia mwenzio, tatizo si kulitaja jina tu. Ukisema "uwe makini na anayesimulia", umemaliza. Ukisema "mwisho wake hutauamini", umemfundisha kumtafuta mtu asiyetarajiwa kabisa, naye kwa kuhesabu vidole atamfikia daktari kabla ya sura ya kumi. Kinachoweza kusemwa salama ni kijiji, barua, mzee wa mamumunye, na dada mmoja mmbeya. Basi.

Sheppard anaandika sura ya mwisho akiwa ameshapewa na Poirot nafasi ya kunywa veronal, dawa ileile iliyomuua Mrs Ferrars, ili Caroline asijue. Kuna wanaoona hapo huruma, na wanaoona mpelelezi aliyejifanya hakimu. Lakini kinachowagawa zaidi ni mstari wa mwisho kabisa. Daktari haombi radhi kwa Ackroyd wala kwa mjane. Anachotamani ni kwamba Hercule Poirot asingestaafu na kuja pale kulima mamumunye.